Usingizi kwa Wasiosikia Maumivu: Historia ya Dawa za Sindano kwa Waliovunjika Uti wa Mgongo

Katika historia ya tiba ya karne ya ishirini limo swali moja ambalo kwa nje linaonekana jepesi, hata la kitoto: mtu asiyesikia chochote kuanzia kifuani kwenda chini, je, ana haja ya kulazwa usingizi kabla ya kupasuliwa? Aliyevunjika uti wa mgongo huweza kukatwa kisu pajani asishtuke. Huweza kutazama kidonda chake kikishonwa kama atazamaye nguo ya jirani chini ya cherehani. Kwa hiyo madaktari wengi wa zamani walijibu kwa haraka kwamba hana haja. Wengine, wakichelea asifadhaike, walimlaza kama walivyomlaza mgonjwa mwingine yeyote, kwa dawa zilezile na kwa kipimo kilekile. Majibu yote mawili yaliua watu, na ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya sababu kufahamika.

Makala haya yanafuata njia ya maarifa hayo tangu Vita Kuu vya Kwanza hadi miaka ya karibuni. Yanahusu hasa dawa zinazopitishwa mshipani kwa sindano, kwani ndizo zilizoleta nafuu kubwa na misiba mikubwa pia. Mvuke wa etha, uliojulikana ulimwenguni tangu tarehe 16 Oktoba 1846 huko Boston, na klorofomu iliyoufuata mwaka 1847, havitajwi ila pale inapolazimu.

Kabla ya kwenda mbele yafaa maneno yapambanuliwe. Katika mazungumzo ya kila siku "uti wa mgongo" ni jina la vitu viwili: mifupa iliyopangana pingili kwa pingili, na ile kamba laini ipitayo ndani yake ikichukua amri kutoka ubongoni na kurudisha habari za mwili. Hapa mifupa itaitwa uti, na kamba itaitwa ugwe wa mgongo. Mtu huweza kuvunjika uti na ugwe wake ukasalimika. Kinachompoozesha ni kuumia kwa ugwe. Vilevile yako mambo matatu ambayo lugha ya mitaani huyachanganya. Ganzi huondoa hisia mahali pamoja na kumwacha mtu macho. Usingizi wa dawa huondoa fahamu yote. Huo ndio wazee wengi waliuita nusukaputi, neno ambalo wengi hulihusisha na Kijerumani cha wakoloni, na ambalo kwa kusema wazi kwamba mtu yu nusu ya kuharibika limeisema hatari yake kwa ukweli kuliko neno pole "usingizi". La tatu ni dawa za kulegeza misuli. Hizi hazileti usingizi wala ganzi; mtu akipewa peke yake hubaki macho, akisikia kila kitu, asiweze hata kupepesa jicho wala kuvuta pumzi. Ni katika kundi hili la tatu ndimo ulimotokea msiba mkubwa kuliko yote.

Maradhi yasiyotibiwa

Kwa karne nyingi historia hii haikuwapo, kwa sababu wagonjwa wenyewe hawakuwapo. Hati ya Kimisri ijulikanayo kwa jina la Edwin Smith, iliyonakiliwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo kutoka kwa maandishi ya kale zaidi, inamweleza mtu aliyeteguka pingili za shingo, asiyejua kuwa ana mikono na miguu, naye mkojo ukimtoka bila habari. Mwandishi wake anaamua kwamba hayo ni maradhi yasiyotibiwa. Uamuzi huo ulidumu zaidi ya miaka elfu tatu. Aliyevunjika uti hakufa kwa kuvunjika. Alikufa baada ya majuma machache kwa vidonda vya mgongoni na matakoni vilivyooza, au kwa usaha uliopanda kutoka kibofuni hadi kwenye mafigo. Hapakuwa na mtu wa kumpasua, wala sababu ya kuuliza apewe usingizi gani.

Vita vya 1914 hadi 1918 vililigeuza jambo hili kidogo. Risasi na vipande vya mizinga vilijaza hospitali vijana wenye ugwe uliokatika, na baadhi yao waliishi muda wa kutosha kuchunguzwa. Mjini London, Henry Head na George Riddoch walichapisha mwaka 1917, katika jarida la Brain, uchunguzi juu ya askari wa namna hiyo. Waliona jambo la ajabu: kibofu kilipojaa, mtu asiyesikia kibofu hicho hata kidogo alitokwa na jasho jingi usoni na shingoni. Mwili uliojulikana kuwa umekufa nusu ulikuwa unasema kitu. Head na Riddoch waliandika walichokiona, lakini wakati huo hakuna aliyefikiri kwamba jasho hilo lilikuwa na uhusiano wowote na meza ya upasuaji. Wengi wa wagonjwa hao walifariki, na suala likalala.

Kibofu kinachopandisha damu

Liliamshwa na mkimbizi. Ludwig Guttmann alizaliwa mwaka 1899 huko Silesia, akawa daktari wa neva mjini Breslau chini ya mwalimu wake Otfrid Foerster, na kwa kuwa alikuwa Myahudi alilazimika kuikimbia Ujerumani mwaka 1939 na kuhamia Oxford. Tarehe 1 Februari 1944 serikali ya Uingereza ilimpa wodi huko Stoke Mandeville ili awatunze askari waliovunjika uti. Inasemwa mara nyingi kwamba Guttmann ndiye baba wa michezo ya walemavu, nayo ni kweli: tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, washindani 16 walilenga shabaha kwa mishale wakiwa katika viti vya magurudumu kwenye uwanja wa hospitali yake. Lakini sifa hiyo imefunika kazi nyingine isiyopigiwa makofi. Guttmann aliamuru kila mgonjwa ageuzwe ubavu kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kibofu kitunzwe kwa usafi kama kidonda. Kwa amri hizo wagonjwa waliacha kufa. Na walipoacha kufa walianza kuhitaji upasuaji: mawe ya kibofu, vidonda vya kuzibwa kwa ngozi, mifupa iliyokauka vibaya, na kwa wanawake, uzazi.

Mwaka 1947 Guttmann na mtaalamu wa fiziolojia David Whitteridge walichapisha, katika jarida lilelile la Brain, matokeo ya uchunguzi wao. Walijaza maji vibofu vya wagonjwa taratibu huku wakipima damu, mapigo ya moyo na joto la ngozi. Kwa wale walioumia chini ya katikati ya kifua halikutokea jambo kubwa. Kwa wale walioumia juu zaidi, hasa juu ya pingili ya sita ya kifua, shinikizo la damu lilipanda kwa ghafula, kichwa kikagonga, uso ukaiva, jasho likatiririka, nao moyo badala ya kwenda mbio ukapunguza mwendo.

Maelezo yake ni haya. Habari ya kibofu kilichojaa huingia katika ugwe chini ya mahali palipokatika. Haiwezi kupanda ubongoni, kwa hiyo mtu hasikii kitu. Lakini sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha ingali hai, nayo hujibu kwa desturi yake ya kale: huibana mishipa ya damu ya matumbo na ya miguu. Kwa mtu mzima ubongo ungetuma amri ya kuilegeza. Hapa amri haishuki, kwa sababu njia imekatika. Damu husukumwa juu, na ubongo, ukiwa hauna silaha nyingine, huupunguzia moyo mwendo kwa njia ya neva isiyopita katika ugwe. Ikiwa kichocheo hakiondolewi, mshipa wa kichwani huweza kupasuka.

Tokeo lake kwa wapasuaji lilikuwa zito. Kama kibofu kilichojaa maji kinaweza kufanya hivyo, kisu je? Yule mgonjwa asiyesikia maumivu, aliyelazwa mezani macho huku akiongea na muuguzi, alikuwa katika hatari kuliko jirani yake aliyekuwa akilia kwa uchungu. Kutosikia maumivu si sawa na kutopata maumivu. Nafsi haina habari, lakini mwili unazo. Dawa iliyokuwa ikihitajika haikuwa ya kuilaza nafsi bali ya kuulaza ugwe. Njia moja ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1898, August Bier alipotia kokaini ndani ya mfereji wa ugwe huko Kiel na kuzima neva zote za chini. Ni jambo la kushangaza kwa asiyejua, kwamba ganzi ya mgongoni ni miongoni mwa njia bora kwa mtu ambaye mgongo wake umekwisha kufa ganzi. Lakini kwa aliyefuata hoja ya Guttmann na Whitteridge hakuna mshangao. Njia nyingine ilikuwa usingizi mzito. Usingizi mwepesi wa sindano haukutosha: kipimo kidogo hufunga macho ya mgonjwa, na ugwe wake hubaki macho.

Pentothal na hadithi ya Pearl Harbor

Fikra ya kupitisha usingizi mshipani ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani, nayo kwa sehemu kubwa ni ya Kifaransa. Baada ya Charles Pravaz wa Lyon na Alexander Wood wa Edinburgh kutengeneza sindano zao mwaka 1853, Pierre-Cyprien Oré wa Bordeaux aliijaribu klorali kwa wanyama, na kufikia mwaka 1874 alikuwa amekwisha kuitia katika mishipa ya binadamu. Wenzake walimwona mtu wa kuhatarisha maisha ya wengine, wala hawakukosea sana, maana klorali ilikawia mwilini. Ilibidi kungoja familia ya barbiturati, iliyoanza na Veronal ya Emil Fischer na Joseph von Mering mwaka 1903. Mwaka 1932 Ujerumani ilitoa Evipan. Mwaka 1934 Marekani ilitoa tiopentali, iliyouzwa kwa jina la Pentothal. Ralph Waters aliitumia mara ya kwanza kwa mtu mwezi Machi, na John Lundy wa Mayo Clinic akaifuatia mwezi Juni na kuieneza. Mgonjwa alihesabu hadi kumi asifike. Hapakuwa tena na kushikwa mikono na miguu, wala harufu, wala kukabwa na barakoa.

Kisha ikaja tarehe 7 Desemba 1941. Mabomu ya Kijapani yalipoanguka Pearl Harbor, majeruhi wengi walipelekwa hospitali wakiwa wamepoteza damu, nao wakapewa Pentothal. Mwaka 1943 mpasuaji F. J. Halford aliandika katika jarida la Anesthesiology makala makali akiilaumu dawa hiyo kwa vifo. Kutokana na makala hayo ikazaliwa hadithi iliyosimuliwa madarasani kwa miaka hamsini, kwamba Pentothal iliua Wamarekani wengi kuliko Wajapani wenyewe. Hadithi hii haina ukweli. Shambulio lenyewe liliua zaidi ya Wamarekani 2,400; na mwaka 1995 F. E. Bennetts, akiandika katika British Journal of Anaesthesia, alizirudia kumbukumbu za hospitali na kuonyesha kwamba vifo vinavyoweza kuhesabiwa juu ya usingizi vilikuwa vichache sana. Aidha, katika toleo lilelile la 1943 yalikuwamo maelezo ya madaktari wengine kwamba dawa ile ile, kwa kipimo kidogo na pamoja na oksijeni, iliweza kutumiwa kwa aliyejeruhiwa vibaya. Wasimulizi walikumbuka makala ya kwanza wakasahau ya pili. Hadithi nzuri ina miguu mirefu kuliko kumbukumbu za hospitali.

Hata hivyo hadithi ile ya uongo ilibeba somo la kweli, nalo linawahusu waliovunjika uti. Tiopentali hulegeza mishipa na kupunguza nguvu za moyo. Mtu mwenye damu ya kutosha hustahimili, kwa kuwa neva zake huibana mishipa upya na kuuharakisha moyo. Aliyetokwa na damu nyingi amekwisha kuitumia akiba hiyo. Na aliyekatika ugwe juu ya kifua hana akiba hiyo kabisa, hata asipotokwa na tone moja. Katika siku na majuma ya kwanza baada ya ajali, ugwe ulio chini ya jeraha huzimia. Mishipa hulegea, damu hutuama miguuni, shinikizo huwa la chini na moyo huenda polepole. Mtu huyo akipewa kipimo cha kawaida cha tiopentali shinikizo huporomoka, wala hakuna kinachoinuka kulizuia.

Hapo ndipo ugumu wa wagonjwa hawa unapoonekana wazi. Dawa moja, kwa mtu mmoja, huwa kali mno mwezi wa Januari na hafifu mno mwezi wa Juni. Mwanzoni hatari ni shinikizo kushuka. Baadaye, ugwe unapozinduka, hatari ni shinikizo kupanda. Daktari aliyeuliza tu uzito wa mgonjwa, asiulize siku aliyoanguka, alikuwa akipima nusu ya jambo.

Dawa ya dakika tano

Kurare, sumu ya mishale ya Wahindi wa Amerika ya Kusini, ilikuwa imechunguzwa na Claude Bernard katika miaka ya 1850. Alionyesha kwamba haiui neva wala misuli bali hukata mawasiliano kati yake. Tarehe 23 Januari 1942 Harold Griffith na Enid Johnson waliipitisha katika mshipa wa mgonjwa wa upasuaji mjini Montreal, na tangu siku hiyo daktari wa usingizi aliweza kulegeza misuli bila kummiminia mgonjwa etha nyingi. Lakini kurare ilikawia kuanza na ilikawia kuisha. Iliyotakiwa ilikuwa dawa ya dakika chache: ya kulegeza koo upesi, mpira wa kupumulia upite, kisha iondoke.

Dawa hiyo ilikuwapo tayari, ila haikuonekana. Mwaka 1906 Reid Hunt na mwenzake Taveau waliichunguza suksinilkolini huko Marekani, lakini wanyama wao walikuwa wamekwisha kupewa kurare, wakawa wamelegea tangu mwanzo. Hawakuweza kuona kwamba dawa mpya nayo inalegeza. Ilipita miaka arobaini na mitatu hadi Daniel Bovet na wenzake huko Roma walipoitambua kazi yake mwaka 1949. Bovet alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1957. Mwaka 1951 ilianza kutumiwa hospitalini, na miongoni mwa waanzilishi alikuwamo kijana wa Stockholm aitwaye Stephen Thesleff. Jina hilo likumbukwe.

Suksinilkolini ilienea haraka. Ilianza kazi chini ya dakika moja na kuisha baada ya dakika kama tano. Kwa mgonjwa wa ajali aliyekula punde kabla ya kuletwa, ambaye angeweza kutapika na kukabwa na matapishi, hapakuwa na iliyoishinda. Na waliovunjika uti ni watu wa ajali.

Katika miaka iliyofuata wagonjwa walianza kufa kwa namna isiyoelezeka. Mtu mwenye moyo mzima alipewa usingizi, akapewa suksinilkolini, na baada ya dakika mbili au tatu moyo wake ulisimama. Wa kwanza kutajwa sana walikuwa walioungua moto; mwaka 1967 Tolmie, Joyce na Mitchell walionyesha kwamba damu ya mtu wa namna hiyo ilijaa potasiamu baada ya sindano. Mwaka 1969, wakati vita vya Vietnam vilipokuwa vikali, Mazze, Escue na Houston waliandika hivyohivyo juu ya wenye majeraha makubwa. Na mwaka 1970 zilitoka kwa pamoja ripoti kadhaa juu ya wagonjwa wa ubongo na ugwe; mojawapo, ya R. E. Tobey, iliyaweka maneno matatu katika kichwa chake bila kupamba: kupooza, suksinilkolini, moyo kusimama.

Potasiamu ni chumvi inayokaa ndani ya chembe za mwili. Sehemu ndogo mno, kama mbili katika mia, ndiyo huzunguka nje. Kwa kawaida damu huwa na milimoli 3.5 hadi 5 katika lita. Suksinilkolini, kwa kuzichokoza chembe za misuli kabla ya kuzilegeza, humwongezea mtu mzima wa afya kama nusu milimoli, jambo lisilomdhuru. Kwa aliyepooza nyongeza hiyo huweza kuipita kumi kwa jumla, na moyo haustahimili.

Kwa nini? Jibu lilikuwa limechapwa zamani. Msuli wenye afya huipokea asetilikolini, yaani ujumbe wa neva, mahali padogo tu, pale neva inapougusa. Mwaka 1959 Axelsson na Thesleff, yule yule Thesleff, walichapisha katika Journal of Physiology uchunguzi juu ya misuli ya paka iliyokatiwa neva. Waliona kwamba baada ya siku kadhaa msuli huota vipokezi juu ya uso wake wote, mithili ya mtu aliyekosa habari akaanza kutega masikio pande zote. Nayo suksinilkolini si kitu kingine ila asetilikolini mbili zilizounganishwa. Msuli wenye mlango mmoja huvuja kidogo. Msuli wenye milango mwili mzima humwaga potasiamu yake yote kwa pamoja. Waliokuwa tayari kuunganisha mambo hayo mawili hawakuhitaji zaidi ya karatasi na kalamu. Ilipita miaka kumi na moja, na watu wakafa ndani yake.

Ni rahisi kuwalaumu. Lakini haki idai vilevile kwamba kulikuwa na kizuizi cha kweli. Paka wa Lund walikatiwa neva yenyewe. Aliyevunjika uti, neva zake za miguu ni nzima. Kilichokatika ni ugwe ulio juu yake. Misuli yake hata hukakamaa na kuruka. Mtu mwenye busara angeweza kudhani kwamba misuli hiyo haikuachwa pweke kiasi cha kuota vipokezi. Ilibidi Stone, Beach na Hamelberg wakate ugwe wa mbwa, na kuonyesha mwaka 1970 kwamba potasiamu hupanda kwa hao pia. Kisha mwaka 1975 Gronert na Theye waliyakusanya yote katika maelezo moja: neva iliyokatika, ugwe uliokatika, kuungua, kulala bila kusogea kwa muda mrefu, yote huifikisha misuli mahali pamoja. Mwaka 2006 Martyn na Richtsfeld waliongeza kwamba vipokezi vinavyoota si vingi tu bali ni vya aina nyingine pia, vinavyokawia kufunga milango.

Kutokana na kazi hizo ilipatikana kanuni ambayo ingali ikifundishwa. Siku ya kwanza baada ya ajali vipokezi havijaota, na suksinilkolini haina hatari hiyo. Kuanzia siku ya pili au ya tatu mlango huo hufungwa, na hubaki umefungwa kwa miezi mingi. Juu ya mwisho wake madaktari hawakubaliani, na walio waangalifu hawairudii tena.

Baada ya 1975

Yaliyofuata yaweza kuelezwa kwa ufupi. Ketamini, iliyotengenezwa na Calvin Stevens mwaka 1962 na kujaribiwa mwaka 1964 kwa wafungwa wa Michigan, jambo ambalo leo lisingepita mbele ya kamati yoyote ya maadili, ilileta usingizi usioshusha shinikizo wala kukata pumzi. Ndiyo maana imekuwa nguzo ya hospitali nyingi za Afrika. Ila kwa aliyeumia shingoni si mkombozi kamili: huinua shinikizo kwa kutuma amri kutoka ubongoni, na amri hiyo hupita katika njia ileile iliyokatika.

Propofoli ilitoka kwa daktari wa mifugo wa Kiskoti, John Glen, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ICI. Majaribio ya mwaka 1977 yaliharibika kwa sababu ya kiyeyushi chake. Ilirudi mwaka 1986 ikiwa katika mafuta ya soya, nyeupe kama maziwa. Mwanzoni iliogopwa kwa waliovunjika uti kwa sababu ileile ya tiopentali. Lakini ilipata kazi nyingine isiyotarajiwa. Mwaka 1973 Pierre Stagnara na wenzake mjini Lyon, katika kunyosha migongo iliyopinda, walianza kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji, mgongo ukiwa wazi, na kumwambia achezeshe vidole vya miguu. Akishindwa, chuma kililegezwa kabla ugwe haujafa. Tangu mwaka 1980, Merton na Morton walipoonyesha kwamba umeme unaweza kuuamsha ubongo kupitia fuvu, swali hilohilo liliweza kuulizwa bila kumwamsha mtu. Mvuke wa usingizi huyazima majibu hayo ya umeme. Propofoli huyaacha yasikike zaidi. Kwa hiyo dawa ya mshipani, iliyoogopwa kwa waliokwisha kupooza, ikawa msaada wa kuwazuia wengine wasipooze.

Kuhusu kulegeza koo upesi, rokuronyumu ilipatikana mwaka 1994. Nayo huanza haraka bila kumwaga potasiamu, ila hukawia kuisha, na dawa ya kuiondoa, sugamadeksi, ilikubaliwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2015. Bei yake ni kubwa. Katika hospitali nyingi za Kongo anayetoa usingizi ni muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo, wala si daktari. Katika kabati lake mna ketamini, na ndani ya jokofu, umeme ukiwapo, mna suksinilkolini, ambayo ingali katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa aliyeanguka kutoka mchikichini, au aliyefunikwa na udongo wa mgodi, mara nyingi hafiki siku ileile. Hubebwa kwa machela, kwa baiskeli, kwa lori, na huenda amelala kwanza katika kituo kimoja au viwili vya njiani. Anapofikishwa mezani, kipimo cha potasiamu hakipatikani kwa wakati. Kilichobaki ni kuwauliza ndugu waliomleta ni siku gani hasa alipoanguka, na kuwauliza tena, kwa sababu jibu la kwanza mara nyingi huwa siku waliyoanza safari.